Kila kiberiti kina kifo chake: namna ya kuchagua vifaa vya kuwasha moto porini

Tulikuwa wanne, tunapanda Uluguru kutokea Morogoro mjini, mwezi wa nne, masika imekolea kabisa, kila aliyetuona tunapita na mabegi anatushangaa. Mpango ulikuwa tulale Morningside, pale kwenye jumba la zamani la Wajerumani, asubuhi tusogee kuelekea kilele cha Bondwa halafu turudi zetu. Viberiti vya gesi tulikuwa navyo vitatu, vipya, vimenunuliwa duka moja siku moja, na mjanja mmoja (mimi) nikavitia vyote mfuko wa pembeni wa begi langu eti visipotee. Mvua ikatupiga masaa matatu. Tunafika mikono imekufa ganzi, natoa cha kwanza, gurudumu linateleza tu hamna cheche, cha pili hivyo hivyo, cha tatu kilikuwa kimekandamizwa na sufuria njia nzima gesi yote ikaishia humo humo kwenye begi. Tukala mkate mkavu tukalala na njaa ya chai.

Asubuhi akapita mzee mmoja anayelima kule juu, tukamwamkia shikamoo, akatuangalia vile tulivyonywea akacheka, akatoa mfuko wa shati kiberiti cha njiti cha kawaida kabisa kilichoviringishwa nailoni mara tatu. Njiti moja, moto ukashika. Akaniambia, "Mwanangu, ungeweka kimoja kifuani." Akaondoka zake.

Toka siku hiyo nikaanza kuliangalia hili suala tofauti. Watu wengi wakiuliza "kifaa gani kizuri cha kuwasha moto porini" wanataka jina la kifaa kimoja, chenye nguvu, ikiwezekana cha bei. Hakipo. Kila kifaa kina kitu kinachokiua: gesi inauliwa na baridi na mgandamizo, njiti zinauliwa na unyevu, kingine kinauliwa na mikono yako mwenyewe kutojua kukitumia. Kwa hiyo unachochagua ni vifaa viwili vitatu ambavyo haviwezi kufa kwa sababu moja. Viberiti vitatu vya aina moja kwenye mfuko mmoja hesabu ni kimoja.

Hatua ya kwanza: jua unakoenda, na kama moto wenyewe unaruhusiwa

Hii watu wanairuka halafu wanakuja kugombana na askari wa hifadhi. Kilimanjaro huokoti kuni na huwashi moto wa kuni, unapika kwa jiko la gesi au la mafuta basi, na baada ya ule moto mkubwa wa Oktoba 2020 uliokula uoto wa mlima kwa siku kadhaa sidhani kama kuna mtu anahitaji kuelezwa kwa nini. Misitu mingi ya hifadhi moto unawashwa sehemu maalum za kambi tu. Uliza getini kabla hujajaza begi.

Halafu jiulize kuna baridi kiasi gani na maji kiasi gani. Pwani, sema unalala ufukweni Pangani au Kilwa, shida yako ni upepo na chumvi. Usambara na Uluguru shida ni unyevu, kila kitu kinatoa jasho hata kama haijanyesha. Wakenya wanaokwenda Aberdare hiyo wanaijua vizuri. Juu ya mita 4,000 shida ni baridi na hewa nyepesi. Kila sehemu ina adui wake.

Hatua ya pili: kiberiti cha gesi, ambacho ndio kitawasha moto wako mara tisa kati ya kumi

Msidanganyike na video za watu wanasugua vijiti, kiberiti cha gesi ndio mfalme, ni rahisi, kinawaka mara mamia, unakishika kwa mkono mmoja. Ila kuna kuchagua.

Chukua cha gurudumu, kile cha kijiwe, usichukue cha kubonyeza kinacholia "tak". Vile vya kubonyeza vinatoa cheche ndogo ya umeme, na ukienda juu milimani ambako hewa ni nyepesi vinaanza kugoma, unabonyeza mpaka kidole kinauma. Hata kile kitufe cha kuwashia kilichopo kwenye majiko madogo ya gesi ni hivyo hivyo, kule juu usikitegemee, ndio maana waliozoea mlima wanabeba kiberiti cha pembeni hata kama jiko lina kitufe chake. Cha kijiwe kinatoa cheche ya moto kweli, na kina faida nyingine kubwa nitaisema chini.

Chukua chenye tanki unaloliona ndani, ujue gesi imebaki kiasi gani. Chenye rangi nzito kinapendeza, ila siku kimeisha hutajua. Kijaribu hapo hapo dukani mara tano sita, kiweke upande, kisha ulalo, angalia kama mwali unatulia au unaruka ruka. Kisogeze sikioni kikiwa hakijawashwa, ukisikia "ssss" kirudishe, kinavuja.

Vya mwali wa bluu unaotoka kwa kasi kama wa fundi wa kuchomelea ni vitamu kwenye upepo, navikubali kwa ufukweni, ila vinakula gesi kama havina akili, vingi ni vya kubonyeza (rudi juu nilichosema), na tundu lake likiziba vumbi umekwisha. Kiwe cha pili, kisiwe cha kwanza.

Sasa baridi. Gesi iliyomo mara nyingi ni butani, na butani ya kawaida inachemka kwenye nyuzi kama sifuri hivi, kasoro kidogo. Maana yake baridi ikishuka chini ya hapo inabaki kimiminika haitaki kugeuka mvuke, kiberiti kimejaa na hakiwaki. Pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,600 na ushee, usiku baridi inashuka chini ya sifuri bila shida. Dawa ni ya bure: kiberiti unalala nacho, mfuko wa ndani au kwapani, kikipata joto la mwili dakika kadhaa kinafufuka.

Kikilowa usitupe. Kipulize kwa nguvu kitoe maji, kikung'ute, halafu lipitishe gurudumu kwenye suruali kavu au hata kwenye kiganja mara kumi ishirini mpaka likauke, mara nyingi kinarudi. Hilo ndilo nilipaswa kulijua Morningside. Na kile kitufe cha gesi kizuie kisibonyezwe begini, kata kipande kidogo cha mpira wa tyubu ya baiskeli kivishe chini ya kitufe, ukihitaji unakitoa na kile kimpira chenyewe kinawaka vizuri sana. Usikiache kwenye dashibodi ya gari jua la mchana, kinapasuka.

Hatua ya tatu: njiti

Njiti watu wanazidharau ila alitusaidia nazo mzee. Uzuri wake ni kwamba hazina mashine ya kuharibika. Ubaya wake unyevu, na si kichwa cha njiti tu, ule ubavu wa kusugulia ndio unakufa mapema zaidi na watu hawaujali. Njiti za kawaida za siku hizi bila ubavu wake haziwaki, dawa imegawanywa nusu kichwani nusu ubavuni, kwa hiyo ukihamishia njiti kwenye kichupa ukasahau kukata ule ubavu umebeba vijiti vya kuchokolea meno.

Dukani fungua boksi, vunja njiti moja. Mti ukivunjika laini kimya kimya umeshanyonya unyevu, ukilia "tak" ni mkavu. Washa moja uone kama kichwa kinarukia huko au kinakaa, kuna boksi zingine kila njiti ya tatu inatema kichwa, hizo ni za jikoni kwako, porini hapana.

Kufunga: kichupa cha plastiki cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha, njiti 20 au 30 vichwa vyote upande mmoja, ubavu mbili umezikunja zikiangalia nje zisisuguane na vichwa, pamba kidogo juu zisitikisike. Ukitaka zaidi, yeyusha mshumaa uchovye vichwa haraka haraka, nta itazuia maji, siku ya kutumia unaikwangua kwa kucha. Kondomu nayo inafanya kazi, usicheke, haipitishi maji na inajifunga fundo, ila umwambie mwenzi wako kabla hajaikuta begini.

Hatua ya nne: rodi ya cheche, na hapa ndio kuna uwongo mwingi mtandaoni

Ni kile kijiti cheusi cha chuma unakikwangua na kibati kinatoa mvua ya cheche. Madini yake ni mchanganyiko unaoitwa feroseriamu, aliutengeneza Muaustria Carl Auer von Welsbach mwaka 1903, na sio kitu kigeni kwako kwa sababu kijiwe cha kwenye kiberiti chako cha gesi ni hayo hayo, kimekatwa kidogo tu. Cheche zake zinafika karibu nyuzi 3,000, hazijali baridi, hazijali urefu wa mlima, ukiilowesha unaifuta unaendelea. Ndio maana inasifiwa.

Wasichokwambia ni kwamba inatoa cheche, haitoi mwali. Cheche inaishi sekunde moja. Kama huna kitu kikavu chenye nyuzi nyuzi cha kuipokea utakwangua mpaka asubuhi. Nimeona jamaa ana rodi ya maana, imepakwa rangi, ina kamba ya kufumwa na filimbi juu yake, anakwangulia juu ya magogo. Magogo!

Ukinunua, angalia unene kwanza. Zile nyembamba kama njiti zinavunjika, tafuta yenye unene wa milimita 8 mpaka 10 na urefu unaoshikika vizuri, vidole vitatu vinne. Usichanganye na kile kibonge cha kijivu cha magnesiamu kilichobandikwa kijiti chembamba ubavuni. Ile magnesiamu unaikwangua unga kwanza ndio uuwashe, upepo ukipita unga wote umeondoka na uvumilivu wako. Watu wengine wanaipenda, mimi hapana.

Rodi mpya inakuja imepakwa rangi nyeusi, usiseme ni feki kabla hujaikwangua rangi itoke. Kibati cha kukwangulia kinachokuja nayo mara nyingi ni butu, tumia kipande cha msumeno wa kukatia chuma au mgongo wa kisu wenye kona kali ya mraba, makali yenyewe ya kisu usiyaguse, utaua kisu. Na namna ya kukwangua ni hii: weka kibati kikae palepale karibu na pamba ya kudaka cheche (nitaieleza hatua ya tano), halafu VUTA RODI kurudi nyuma. Watu wanafanya kinyume, wanasukuma kibati mbele, mkono unapiga ile pamba yote waliyoipanga vizuri inaruka. Kandamiza, taratibu, ndefu. Haraka haraka inatoa vicheche vidogo tu.

Kifo chake? Chumvi na unyevu wa muda mrefu. Mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja ukiiacha droo ya jikoni mwaka mzima unaweza kuikuta inamomonyoka unga mweupe. Ipake grisi au rangi ya kucha, ifunge.

Na ile faida ya kiberiti cha kijiwe niliyoahidi: gesi ikiisha bado una rodi ndogo mkononi. Ng'oa kile kibati cha juu, zungusha gurudumu taratibu bila kutoa cheche, unga wa kijiwe udondokee kwenye pamba mara ishirini thelathini, kisha piga cheche moja ya nguvu juu ya ule unga. Pamba inawaka. Jaribu nyumbani, utajisikia fundi.

Hatua ya tano: kipokea moto, yaani hapa ndio penyewe

Ni kile kitu kikavu kinachodaka cheche au mwali kabla ya kuni. Nikiambiwa nipunguze uzito wa begi nitaacha rodi, sitaacha hiki. Kiberiti kibovu na kipokezi kizuri utapata moto, kiberiti kizuri na kuni mbichi utapata machozi.

Kizuri kuliko vyote kwa bei: pamba ya duka la dawa iliyokandwa na mafuta ya mgando. Chukua donge la ukubwa wa ndimu ndogo, sukumia mafuta mpaka yaingie lakini katikati acha pamba kavu kidogo, jaza kwenye kikopo. Siku ya kutumia unalichambua nyuzi zionekane, cheche moja tu, linawaka dakika tatu nne hata mvua ikidondokea. Kipande cha tyubu ya baiskeli nacho kinawaka hata kimetoka majini, ila kinataka mwali sio cheche, na moshi wake mweusi unanuka, usiweke mishikaki juu mpaka kiishe kabisa. Chupa za plastiki na mifuko ya nailoni ambayo tumezoea kuwashia mkaa mtaani, acheni jamani, moshi ule mnaula.

Vitakasa mikono vya jeli vyenye spiriti vinawaka vizuri, ila mchana mwali wake karibu hauuoni, mtu anaongeza tone la pili akidhani umezimika, anachomeka. Kuwa makini.

Vya kuokota: pwani una makumbi ya nazi, chambua zile nyuzi mpaka ziwe kama kiota cha ndege. Kamba ya katani ukiifumua ni hivyo hivyo, tembea na nusu mita tu. Sufi ile ya kwenye mito ya zamani inashika cheche ajabu, ila inawaka "fuu" imeisha, ichanganye na mafuta ya mgando. Milimani kwenye mwangati (Wakikuyu wanauita mutarakwa) gome lililokufa la nje linachunika nyuzi ndefu, lisugue kati ya viganja mpaka liwe laini. Kwenye mashamba ya paini kama kule Mufindi tafuta kisiki cha zamani chenye mti wa rangi ya chungwa unaonuka tapentaini, huo umejaa utomvu, vipande vidogo vinawaka hata vimelowa, ila omba, yale ni mashamba ya watu.

Nyasi kavu zilizosimama zinafaa, zilizolala chini zimenyonya maji. Na ukiwa bado njiani kumekauka, okota vijiti vyembamba kama njiti weka ndani ya koti, ukifika vimekauka kwa joto lako. Mvua haikungoji ufike ndio uanze kutafuta.

Vile ambavyo watu wataniuliza

Viberiti vya umeme vya kuchaji: vizuri havijali upepo, lakini betri ikiisha porini ni pambo. Lenzi inataka jua kali, na ukiwa na jua kali shida ya moto huwa si kubwa hivyo. Betri ya volti 9 na stilwaya ya kusugulia sufuria inawaka kweli kweli, kiasi kwamba ukivibeba mfuko mmoja vitawaka bila wewe kupenda, vitenganishe.

Na kupekecha? Ulindi (kijiti unachokizungusha) juu ya uwimbombo (kile cha chini), mti mgumu kwenye mti laini. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanapata kaa la moto kwa dakika chache, na kwa Wamasai vile vijiti vina heshima yake mpaka wazee walezi wa rika wanaitwa kwa jina la kijiti cha moto, olpiron. Nenda ukajifunze kwao, uwalipe, ufurahi. Ila mimi nimejaribu siku mbili nikapata malengelenge na moshi kidogo, kwa hiyo usinitegemee kwa hilo usiku wa mvua.

Hatua ya sita: jaribu nyumbani ukiwa umejitesa

Sio kuwasha sebuleni. Chovya mikono kwenye ndoo yenye barafu dakika mbili, toka uani, jaribu. Vidole vikiganda gurudumu dogo la kiberiti ni mtihani, ndio utajua kwa nini vikubwa ni bora. Jaribu na mkono wa kushoto peke yake. Jaribu gizani. Mwagia kila kitu maji, ufute, jaribu tena. Kilichogoma uani kwako kitagoma mlimani.

Kupanga begini

Mimi sasa hivi niko hivi: kiberiti cha gesi cha kijiwe mfuko wa kifuani kimefungwa nailoni, njiti kwenye kichupa katikati ya begi ndani ya nguo za kulalia, rodi ndogo na madonge mawili ya pamba kwenye kikopo kilichofungwa kiunoni, maana begi linaweza kudondoka mtoni lakini kiuno ninacho. Mkiwa kundi, watu wawili tofauti wabebe. Na mtu yeyote asiingize jiko la mkaa ndani ya hema eti kupata joto, hata likiwa limebaki makaa tu bila moshi, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua mtu usingizini.

Kama unapanda ndege, kiberiti kimoja cha kawaida huwa kinaruhusiwa mfukoni mwako, sio kwenye begi la kwenda chini, vya mwali wa kasi na mitungi ya gesi ya jiko havipandi kabisa, nunua Arusha au Moshi ukifika. Rodi inategemea na unayemkuta kwenye ukaguzi, usiende na ile unayoipenda.

Kuzima: mwaga maji, koroga majivu na kijiti, mwaga tena, halafu weka mgongo wa kiganja karibu, ukisikia joto bado haujazimika, mwaga ndoo ya tatu.